Kisoda Chenye Alama ya Kengele

Mama Phanice alizikwa Jumamosi, nyumbani kwake ndani kabisa huko Navakholo, na mimi nilienda nikimshuku hata aliyenipigia simu. Ndivyo nilivyo. Mtu akinialika mahali, kabla sijauliza ni saa ngapi, hujiuliza kwa nini ameniita mimi. Marehemu sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja tu, kwenye chekechea kando ya barabara ya murram, yeye jikoni, mimi darasani, nikiwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne ambacho wino wake ulikuwa bado haujakauka sawasawa. Baada ya maziko tuliketishwa nyuma ya nyumba, kwenye viti vya plastiki chini ya miti mirefu ya lusiola, tukapewa obusuma, yaani ugali, maharagwe na kipande cha nyama ambacho niliamini kilikuwa kimekatiwa mtu mwingine. Leso yangu ilianguka. Nilipoinama kuiokota, niliona kwenye shina, usawa wa goti, waya uliokuwa umezama ndani ya gamba, na kwenye waya huo kisoda cha chupa kilichopondwa, nusu yake imeshamezwa na mti. Nusu iliyobaki ilikuwa na matundu ya msumari. Nilivaa miwani. Matundu yalichora kengele. Ni mimi niliyeyatoboa.

Niliinuka na sahani yangu mkononi nikaenda mti kwa mti, watu wakinitazama kama mama aliyepoteza kuku. Ilikuwa kumi, imepandwa bila mpangilio. Kwenye mmoja niliona ufunguo, kwenye mwingine samaki, kwenye mwingine kikombe. Mingine ilikuwa imemeza visoda vyake kabisa, ikabaki na uvimbe tu pale waya ulipopita. Mkazamwana wa marehemu, mama wa makamo aliyekuwa akigawa chai, alikuja kuniuliza kama nimepoteza kitu. Nilimwuliza miti ile ilitoka wapi. "Hizo mama alitoa huko shule yenu zamani, hata kabla mimi niolewe hapa," alisema. "Baba ndiye alipanda. Mama hakutakanga mtu akate." Nikamwuliza mama alisema ni ya nani. "Alisema ni za wasichana fulani. Zaidi ya hapo hakusemanga, Madam." Niliweka sahani chini. Kwa sababu ya miti hiyo kumi, mwaka ule, nilimfanya mlinzi wetu Mzee Makokha afukuzwe kazi kama mwizi, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiwasimulia watu jinsi nilivyomnasa.

Darasa letu lilikuwa stoo ya zamani ya kanisa. Lilikuwa na madirisha mawili yasiyo na vioo, sakafu ya udongo iliyopakwa samadi kila Ijumaa, na harufu ya chaki iliyochanganyika na uji tangu asubuhi hadi tunafunga. Watoto ishirini na wawili waliketi kwenye mbao zilizowekwa juu ya matofali. Kwa kuwa hakuna aliyejua kusoma jina lake, kila mmoja alikuwa na alama yake, nimeichora kwa rangi juu ya msumari wa kutundikia mfuko wake, na mtoto angekulilia siku nzima ukimkalisha chini ya alama ya mwenzake. Nanjala, mjukuu wa Mzee Makokha, alikuwa ufunguo, maana alisema babu yake ndiye mwenye funguo zote za dunia. Mimi nilijipa kengele kwa vile ndimi niliyeigonga. Ukutani nilikuwa nimebandika karatasi kubwa ya manila yenye kichwa WASAIDIZI WETU, na chini yake daktari, polisi, mwalimu, posta, na mzimamoto mwenye kofia nyekundu ambaye hakuna mtoto hata mmoja, wala mwalimu wao, aliyewahi kumwona. Siku niliyoibandika, Mama Phanice alisimama dirishani na mwiko wake, akaitazama picha moja baada ya nyingine. "Na mimi, Madam," aliuliza, "siko hapo kwa karatasi?" Nilicheka, nikamwambia nafasi imejaa. Yeye pia alicheka. Mchana huo alinibakizia ukoko wa sufuria kama kawaida, na nafikiri hapo ndipo nilipomfuta kwenye orodha ya watu wa kushukiwa kabla orodha yenyewe haijaanza. Mtu anayekulisha unamshuku mwisho.

Kila Ijumaa nilimwalika msaidizi mmoja wa jamii darasani. Alikuja muuguzi wa zahanati, watoto watano wakalia kabla hajafungua mfuko. Alikuja fundi viatu. Alikuja naibu wa chifu, akazungumza juu ya kodi kwa nusu saa. Lakini aliyependwa kuliko wote alikuwa Mzee Makokha, aliyekuja amefua kabuti lake, tochi imening'inia mshipini na rungu limepakwa mafuta. Alimruhusu kila mtoto awashe tochi mara moja na kuizima mara moja. Nami, kwa fahari ya mwalimu mpya, nilikuwa nimewafundisha watoto kujibu kwa pamoja, kwa sauti moja, mgeni asikie kwamba tunasoma. Nani anatulinda? Mlinzi. Nani anakuja shuleni kabla ya watu wote? Mlinzi. Nani anazunguka shambani kuangalia vitu vyetu? Mlinzi. Nanjala alipiga kelele kuwazidi wote. Mzee alijipangusa macho kwa mkono wa kabuti, akasema vumbi la chaki lilikuwa kali.

Wiki iliyofuata tulianza somo la kutunza mazingira. Tuliokota makaratasi, tukatengeneza mtungi wa kunawia mikono wenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, kisha tukapanda miti. Kwa mwezi mzima miche ilikuwa imekaa kwenye pakiti za maziwa dirishani, na sasa nilimtoa kila mtoto nje, msichana kwa mvulana, nikamshikisha jembe, akachimba shimo lake na kupanda mti wake kwenye mstari kando ya ua. Wa mwisho nilipanda mimi. Kila mche ulifungiwa waya na kisoda chenye alama. Mimi nililelewa mjini, kwenye nyumba za kupanga, ambako mtu hapandi hata kitunguu, na siku hiyo nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilipogeuka, niliona Mama Phanice ameketi chini mlangoni pa jikoni, mikono mapajani, sufuria inafoka nyuma yake. Nilidhani ni moshi uliomtoa jikoni.

Jumatatu mche wangu haukuwepo. Shimo lilikuwa limefukiwa vizuri, udongo umepigwapigwa, hivyo nilijua si mbuzi. Mbuzi hafukii. Nilisimama hapo na kengele mkononi nikijua jambo moja tu: kuna mtu hapa ananichukia. Kwa nini wangu, kati ya ishirini na mitatu? Jumatano ukaenda wa Nanjala, ule wa ufunguo. Kisha samaki, kisha kikombe. Niligundua kwamba ni miche ya wasichana tu iliyokuwa ikichukuliwa, na kwa hilo pia nilikuwa na jibu tayari, maana mtu mwenye shaka hakosi jibu. Wasichana ndio waliomwagilia bila kukosa, ya kwao ilikuwa na afya, na mwizi wa miche huchagua yenye afya. Nilijiona mwerevu sana. Nilianza kumpeleleza kila mtu. Mwalimu mkuu, bwana wa tai moja ya kahawia, nilimpeleleza kwa sababu alikuwa na shamba jipya. Jirani nilimpeleleza kwa sababu hakuniamkua. Nilikuwa nikila obusuma na mboga ya mrenda jikoni huku nikiwatazama watu vidole, kama kuna wenye udongo kwenye kucha.

Siku moja nilifika mapema, na kabla sijaingia jikoni nilisikia sauti mbili za chini, ya Mama Phanice na ya Mzee Makokha, wakizungumza Kiluhya. Kiluhya changu kilikuwa cha kununulia nyanya, lakini "omukhana" nililijua, ni msichana, na nilisikia "omukhana wa taoni" mara mbili. Msichana wa mjini shuleni pale alikuwa mmoja tu. Nilipoingia walinyamaza. Mzee akachukua tochi yake akatoka bila kunitazama, na Mama Phanice akanimiminia uji mwingi kupita kiasi. Ningeweza kuuliza pale pale. Mlisema nini juu yangu? Maneno manne tu. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba nitadanganywa. Tabia hii imenifuata maisha yangu yote. Mume wangu marehemu alikuwa akisema ningemhoji hata malaika kuhusu alipopata mabawa, nami nilikuwa nikimjibu kwamba ndiyo, na risiti ningeitaka.

Badala ya kuuliza nilitega mtego. Nilimwomba Mama Phanice majivu ya jikoni, nikamwambia ni ya kuzuia mchwa. Alinijazia debe. "Chukua mingi, Madam, mchwa hapa ni wabaya," alisema, hata akanisaidia kuinua. Jioni watoto walipoondoka niliyanyunyiza majivu kando ya mstari mzima. Asubuhi mche wa tisa na wa kumi ilikuwa imeondoka, na juu ya majivu kulikuwa na nyayo za viatu vya mpira vya gambuti, kubwa, soli yenye vipande vilivyolika upande mmoja. Shule nzima ilikuwa na jozi moja tu ya gambuti. Nilienda kibandani kwa Mzee Makokha alipokuwa amekwenda kufungua lango, nikazigeuza. Zilikuwa na majivu kwenye soli.

Mwalimu mkuu hakutaka kumwondoa mzee wa watu kwa ajili ya viatu. Aliniuliza kama kuna aliyemwona. Nikamwambia aje darasani, watoto hawasemi uongo. Mpaka leo sijui kama nilijua nilichokuwa nikifanya. Nilisimama mbele, chini ya karatasi yangu ya manila, nikawauliza: nani anakuja shuleni kabla ya watu wote? "Mlinzi," walijibu kwa pamoja, wakifurahia. Nani anazunguka shambani? "Mlinzi." Nani alikuwa pale kwenye miti yetu asubuhi? "Mlinzi," na Nanjala alikuwa amesimama juu ya ubao, shingo imemtoka mishipa, akijibu kuliko wote, akimtafuta babu yake dirishani amsikie. Nilimgeukia mwalimu mkuu. Naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia mashahidi ishirini na wawili.

Mzee Makokha aliitwa ofisini kabla ya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nimesimama barazani nikijifanya napanga vikombe. Mama Phanice alikuja mbiombio, mikono ina unga, akafika kizingitini akafungua mdomo. Mzee alimtangulia. Alimwambia maneno machache kwa Kiluhya, kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, na yule mama akafunga mdomo na kurudi jikoni. Nilijiambia, hata sasa anamtisha. Mzee aliweka tochi mezani, na rungu, na funguo. Kisha akaja darasani, akatoa mfuko wa Nanjala kwenye msumari wenye ufunguo, akamshika mkono, wakaondoka. Mtoto alikuwa akiruka kwa furaha kwa sababu alifikiri ameruhusiwa mapema. Hakurudi tena pale shuleni. Tangu siku hiyo hakuna mche mwingine uliopotea, na hilo nililichukua kama muhuri wa ushahidi wangu. Haikunijia kwamba iliyobaki ilikuwa ya wavulana tu. Mama Phanice aliendelea kunipa chakula, lakini ukoko aliwapa watoto. Hilo pia nililiandika moyoni dhidi yake.

Baada ya mazishi nilikaa siku kumi nikijitafutia sababu za kutokwenda kwa yule mlinzi. Niliambiwa Mzee Makokha bado yu hai, miguu tu ndiyo imemwacha, na nyumba yake iko mbele ya mahali matrekta ya miwa yanapopimiwa. Jumanne nilichukua boda boda. Nilimkuta ameketi nje kwenye jua la saa nne, amefunikwa magoti kwa blanketi, anapukuchua mahindi ndani ya karai. Nilimsalimu mulembe, akaitikia mulembe muno, akaniangalia usoni. "Mwarimu wa kengele," alisema. Alinielekeza kigoda kwa kidole, na kwa kuwa sikujua niweke wapi mikono yangu, nilichukua hindi nami nikaanza kupukuchua. Aliniambia Nanjala yuko Matete, anauza nguo sokoni, ana watoto watatu. Sauti yake haikuwa na chochote ndani yake ninachoweza kukishuku, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha," nilisema. "Kwa ile miti."

"Kwanza uliza," alisema, mikono yake haikusimama. "Siku ile uliuliza watoto yote. Mimi hukuniuliza. Sasa uliza."

Ni aibu kuuliza swali ambalo umeshalitolea hukumu ukiwa msichana, ukaliishi mpaka umekuwa nyanya. "Mzee," nilisema mwishowe, "ni nani alichukua miti?"

"Ni Phanice wa jikoni. Na mimi nilimsaidia." Alitupa gunzi pembeni, akachukua hindi lingine. "Kwetu mwanamke hapandangi mti. Wazee walisemanga akipanda, tumbo inafunga, ama bwana anakufa. Sasa wewe ukatoa watoto wasichana, wadogo hivi, ukawashikisha jembe. Phanice aliona kutoka jikoni miguu ikaisha nguvu. Alisema lazima zitoke pole pole, zipandwe tena na mkono wa mwanaume. Bwana yake akapanda."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie nini? Ulikuwa na karatasi kubwa kwa ukuta. Ungetucheka."

Sikubisha. Ningecheka, tena ningewahadithia wenzangu mjini. Nilimwuliza kuhusu gambuti. Alisema Mama Phanice alikuwa na kidonda mguuni, umande ulikuwa mwingi, basi kila asubuhi aliziazima. Majivu waliyaona wakadhani kweli ni ya mchwa. Niliuliza swali la mwisho, lile nililoliogopa. Kwa nini hakusema ofisini, naye alikuwa na shahidi wake amesimama mlangoni na unga mikononi?

"Huyo alikuwa anakuja kusema," Mzee alisema. "Mimi ndiye nilimkataza. Nilimwambia, mmoja akienda inatosha. Na wewe ukienda, nani atapikia watoto?"

Trekta la miwa lilipita barabarani, tukangoja kelele zake ziishe. Nina watoto wanne, na mume nilimzika akiwa mzee, baada ya miaka mingi ya kugombana kwa raha. Sisemi ni kwa sababu mti wangu uling'olewa, wala sisemi si kwa sababu hiyo. Mimi siamini kitu upesi hivyo. Lakini nilikuwa nikiwaza juu ya karatasi ile ya manila, na mzimamoto mwenye kofia nyekundu ambaye hakuwahi kutufanyia lolote. Nilimwambia Mzee kwamba miti yote kumi ipo, mirefu kuliko nyumba, na kwamba ule wa ufunguo niliuona kwa macho yangu. Hilo lilimfurahisha. Kisha, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa limenikaa kooni miaka yote hiyo, nilimwambia kwamba kilichonikasirisha zaidi wakati ule ni mwizi kuanza na mti wangu. Nilijua tangu Jumatatu ile kwamba kuna mtu ananichukia.

Mzee Makokha aliacha kupukuchua kwa mara ya kwanza. "Wako niling'oa na mkono yangu mwenyewe," alisema. "Tulikuwa hatujui tuanze na gani. Phanice akasema, hawa watoto wengine wako na mama zao. Huyu msichana wa taoni hana mtu huku. Tuanze na yeye."

Nilichukua hindi lingine nikaendelea kupukuchua, kwa sababu sikuweza kumtazama.